Taa za Bweni Zikishazimwa

(Mazungumzo haya yalisikika redioni wiki iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, kila mwaka ifikapo Januari, ukipita alfajiri katika kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, utawaona. Mtoto wa miaka 13 au 14, amevaa sare mpya iliyomzidi mwili. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Kuna tranka la bati lenye kufuli, kuna ndoo, kuna jembe. Pembeni amesimama mama, au baba mdogo, ameshika fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule na anahakiki kwa mara ya mwisho kama rimu ya karatasi imenunuliwa na kama jozi mbili za viatu zimo.

Mimi nina tabia ya kuziomba fomu hizo nikazisoma. Ni kazi yangu kusoma karatasi ambazo watu wengine huziweka sahihi tu. Nyingi zina ukurasa wa makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule: wizi, ulevi, kupigana, kuharibu mali, kugoma, kudharau bendera ya Taifa. Ni orodha ndefu na inaeleweka. Lakini katika fomu nyingi nilizopata kuzisoma, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kosa mwanafunzi mkubwa kumwamsha mdogo saa nane usiku ili amfulie soksi. Hakuna mahali palipoandikwa mtoto aende kwa nani likimpata jambo hilo, wala huyo atakayeambiwa afanye nini kesho yake asubuhi.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: sera za kuzuia uonevu katika shule za sekondari. Najua neno "sera" huwafanya wasikilizaji wengi wabadili stesheni. Naomba uvumilie kidogo, maana nina sababu yangu binafsi ya kulizungumza jambo hili, nayo haina sifa nzuri kwangu.

Mwaka 1995 nilipelekwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wavulana, Nyanda za Juu Kusini. Shule yenyewe siitaji. Usiku wa kwanza sisi njuka tuliamshwa. Mmoja alipewa kijiti cha kiberiti apime urefu wa bweni kutoka ukuta mpaka ukuta, na kila alipokosea hesabu alianza upya. Mwingine aliambiwa asimame juu ya kitanda aipulize balbu ya umeme mpaka izimike, kama mtu anayezima mshumaa. Watu walicheka. Hata sisi tulicheka, ili tusionekane tumeogopa.

Wengi wa rika langu husimulia mambo hayo kwenye harusi na misiba kama vichekesho, na nusu yake ni vichekesho kweli. Ile nusu nyingine huwa haisimuliwi. Sukari yako inachukuliwa wiki ya kwanza. Unachota maji ya kuoga ya mtu mwingine saa kumi alfajiri, na kule milimani mwezi wa sita maji hayo ni barafu. Unapigishwa magoti juu ya kokoto kwa sababu umemwangalia mtu vibaya. Unajifunza kutokwenda chooni usiku, maana njia ya chooni inapita kwenye vitanda vya wakubwa, na mtoto wa miaka 14 asiyekwenda chooni usiku hatimaye hukojoa kitandani. Akishakojoa, ameandikiwa jina ambalo litamfuata miaka minne.

Mwaka 1997 nilifika kidato cha tatu nikawa kiranja wa bweni. Ungedhani mtu aliyepitia hayo angeyakomesha. La hasha. Wiki ya kwanza tu niliwaamsha vijana wawili waliolala vitanda vya jirani, na nikamwamrisha mmoja aipulize balbu. Sikuwa na chuki nao. Niliambiwa ndiyo nidhamu, nikaona ndiyo zamu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mgeni studio, mtaalamu wa mambo ya maji, kuzungumzia mgawo uliokuwa unausumbua mji. Tulipomaliza kurekodi akavua vile visikilizio vya masikioni, akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, sauti yako naijua tangu uliponiambia nipulize taa." Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka 20, na sijawahi kukosa neno kama siku ile.

Sasa tuanze na maana, kwa sababu sera nyingi huharibikia hapo. Lugha yetu imetupa neno zuri: kumwonea mtu. Ni kitenzi kile kile tunachokitumia tunaposema kumwonea huruma, au kumwonea wivu. Lakini kikisimama peke yake, bila huruma na bila wivu, kinageuka dhuluma. Mswahili akisema "ananionea" hahitaji kueleza zaidi. Msikilizaji anajua kuna mwenye nguvu na asiye nazo.

Mtaalamu wa saikolojia mwenye asili ya Uswidi aliyefanya kazi nchini Norwei, Dan Olweus, aliyefariki mwaka 2020, alikuja kuyaweka hayo hayo katika mizani ya kitaalamu. Alisema uonevu una mambo matatu: kuna kusudi la kumuumiza au kumdhalilisha mtu, jambo linajirudia, na nguvu za pande mbili hazilingani. Wavulana wawili wa kidato cha pili wakigombania mpira wakapigana, huo ni ugomvi. Mwalimu wa nidhamu anajua la kufanya. Lakini wa kidato cha nne akimtuma wa kidato cha kwanza kila alfajiri, hata bila kumgusa kwa kidole, huo ni uonevu. Utaona basi kwa nini neno "kupigana" katika ile fomu halitoshi. Anayeonewa hapigani. Na pengine siku akirudisha ngumi, yeye ndiye atakayeandikwa katika daftari la makosa.

Kwa nini Norwei? Kwa sababu ndiko serikali ilikoanza kulichukulia jambo hili kuwa lake. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo, wenye umri kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na ikaelekea sana kuwa sababu ni kuonewa na wenzao shuleni. Nchi ilishtuka. Mwaka 1983 wizara ya elimu ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na Olweus akapata nafasi ya kufuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za mji wa Bergen. Baada ya miaka miwili, wanafunzi waliosema wanaonewa walikuwa wamepungua kwa nusu hivi, wakati mwingine zaidi.

Walifanya nini? Hapa ndipo penyewe, maana hawakubandika bango. Kwanza waliwapa wanafunzi karatasi za maswali wazijaze bila kuandika majina, ili shule ijue ukubwa wa tatizo lake yenyewe. Walimu wakakaa siku nzima wakayatazama majibu hayo. Ulinzi wa watu wazima ukaongezwa mahali na saa ambazo wanafunzi wenyewe walizitaja, si mahali ambapo walimu walidhani. Kanuni zikatungwa darasani, chache, zinazosemeka kwa mdomo. Na kila tukio likafuatiwa na mazungumzo ya uso kwa uso: na aliyeonea peke yake, na aliyeonewa peke yake, kisha na wazazi.

Tangu hapo mtindo umesambaa. Huko Marekani jimbo la Georgia lilitunga sheria mwaka 1999, na Montana ikawa ya mwisho mwaka 2015, majimbo yote 50 yakawa yametimia. Uingereza ilikwishazitaka shule ziwe na utaratibu tangu sheria ya mwaka 1998. Lakini sehemu nyingi zilizochukua karatasi bila kuchukua kazi hazikuona tofauti kubwa. Shirika la UNESCO lilipokusanya takwimu za nchi nyingi na kuzitoa mwaka 2019, lilikuta karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Kwa hiyo sera peke yake haimlindi mtu, kama vile kuwa na leseni ya udereva hakumfanyi mtu asimame kwenye taa nyekundu.

Wafini waliongeza jambo moja ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko yote. Katika Chuo Kikuu cha Turku, Christina Salmivalli na wenzake walitengeneza mpango uitwao KiVa, ulioenezwa katika shule za nchi hiyo kuanzia mwaka 2009. Wao hawakumwangalia mwonevu na mwonewa peke yao, waliwaangalia wanaotazama. Chukua bweni lenye vijana 40. Wanaoonea ni watatu au wanne. Anayeonewa ni mmoja. Waliobaki, thelathini na kitu, wamelala macho ndani ya blanketi, au wanacheka. Kicheko kile ndicho mshahara wa mwonevu. Kiondoe kicheko, mchezo unakosa ladha. Nikikumbuka usiku wangu wa mwaka 1997, nasema hao Wafini hawakukosea. Kama bweni lingenyamaza, au kama mwenzangu mmoja tu angesema "waache walale bwana," ningeona haya nikarudi kitandani.

Sasa tuje kwetu, maana bweni la Iringa au Machakos si darasa la Bergen. Kule mtoto akitoka shule saa nane mchana anarudi kwao. Huku shule nyingi zinazosifika ni za bweni, na mwalimu wa zamu akishapita na tochi usiku baada ya prepo, anarudi nyumbani kwake. Kuanzia hapo mpaka kengele ya alfajiri, serikali ya bweni ni kiranja. Wala simlaumu mwalimu. Anafundisha vipindi vingi, ana familia, na patroni mmoja hawezi kulala katika mabweni sita.

Mfumo huo haukuanza jana. Katika shule za bweni za mabwana wa Uingereza, mtoto mdogo alimtumikia mkubwa: alimsafishia viatu, alimchemshia chai. Mwalimu mkuu Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi 1841, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka ya kuwaongoza wadogo, na mtindo huo ukawa fahari ya shule za Kiingereza. Wakoloni wakauleta huku. Shule ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ikaendeshwa kwa mfano huo huo. Uhuru ulipokuja tulibadili bendera na mitaala. Bweni tukaliacha kama tulivyolikuta. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kumtumikisha njuka ni mila yetu ya kuheshimu wakubwa, namwomba asome historia. Katika mila zetu mkubwa humtuma mdogo, ndiyo, lakini mkubwa huyo huyo ndiye anayeulizwa mdogo akipotea njiani.

Wenzetu wa Kenya wamelipia somo hili kwa bei ya kutisha. Mwezi Mei 1999, katika shule ya sekondari ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao vya kulala, wakawamwagia petroli na kuwachoma moto. Wote wanne walikufa. Sisemi kwamba vijana wale walikuwa waonevu. Mimi sikuwapo, na hakuna kosa la kiranja linalostahili kifo cha namna ile. Ninachosema ni kwamba ukimpa mtoto wa miaka 17 kazi ya kuwatawala wenzake usiku, umemhatarisha na yeye pia. Baada ya ghasia za shule za mwaka 2008 Kenya ilianza kuachana na viranja wa kuteuliwa na walimu, na mwaka 2009 likaundwa baraza la wanafunzi wa sekondari, ili viongozi wachaguliwe na wenzao. Kura peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema, tunalijua hilo hata sisi tusio wanafunzi, lakini angalau kiongozi anayetafuta kura za kidato cha kwanza atafikiri kabla ya kuchukua sukari yao.

Sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kiakili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 za huko au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo nayo inakataza mateso na adhabu za kinyama au za kudhalilisha, na inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali hapo. Tena, ajabu kidogo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni waziwazi, na faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3. Yaani anayemtisha mwenzake kwa simu ana kifungu chake maalumu, lakini aliyempigisha magoti kwenye kokoto itabidi umtafutie kifungu.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo wazazi wengi hawalijui, na wanafunzi hawalijui kabisa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kiranja hatajwi. Kwa hiyo kiranja anayeshika fimbo hana kibali cha mtu yeyote. Hata mkuu wa shule hana mamlaka ya kumkabidhi. Ningefurahi kuona sentensi hiyo moja imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa kila bweni. Ingemsaidia njuka kuliko kurasa 30 za mwongozo.

Lakini fimbo ya mwalimu nayo tuiseme. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Mtoto anayeona kila asubuhi mstarini kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu, na ndivyo mambo yanavyokwenda, usimtarajie usiku awe na somo jingine. Nchini Uganda, wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio la mpango wa kubadili shule nzima: walimu, wanafunzi, kamati, hata wapishi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule zilizopata mpango huo, watoto waliopigwa na wafanyakazi wa shule katika wiki moja walikuwa pungufu kwa asilimia 42 wakilinganishwa na wa shule ambazo hazikuupata. Zilikuwa shule za msingi, lakini walimu walikuwa walimu kama wetu, madarasa yamejaa kama yetu, na mshahara ni ule ule tunaoujua.

Kuna wanaosema dawa ni kufukuza: anayeonea afukuzwe siku hiyo hiyo. Inapendeza masikioni. Ila fikiria kama mwanafunzi. Mwenzako akikuchukulia godoro, ukajua kwamba ukisema atapoteza masomo yake yote miezi mitatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na kwamba bweni zima litajua ni wewe uliyemfukuzisha, utasema? Adhabu ikiwa kubwa kupita kiasi, midomo hufungwa. Mkuu wa shule naye atasita, maana mtoto anayefukuzwa ana baba, na baba anamjua diwani. Ndiyo maana mipango iliyofaulu ina ngazi: mazungumzo, kumwita mzazi, kuvuliwa cheo, kulipa au kurudisha kilichochukuliwa, kusimamishwa, na kufukuzwa kubaki kwa mambo mazito, yale ambayo hata polisi wangeyataka.

Wengine husema uonevu hukomaza. "Sisi tulipitia, mbona tumekuwa watu?" Hoja hii naiheshimu kwa sababu niliishikilia mwenyewe kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba huwauliza waliobaki. Wale walioacha shule mwezi wa nne hawamo kwenye harusi zetu kutoa ushahidi.

Sasa, mzazi unayenisikiliza, utaijuaje shule yenye sera kweli na shule yenye karatasi? Sina shahada ya saikolojia. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na kitu tulichofundishwa ni kuuliza maswali. Siku ya kikao cha wazazi, badala ya kuuliza tu kuhusu michango na ufaulu, simama uulize: mtoto wangu akionewa saa saba usiku, anamwambia nani? Ukijibiwa "anamwambia kiranja," uliza: na akiwa kiranja ndiye anayemwonea? Hapo utaona nyuso. Serikali imeelekeza shule ziwe na huduma za unasihi na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto, ni jambo jema, basi uliza dawati liko wapi, nani anakaa hapo, na mara ya mwisho mtoto alilikalia lini. Uliza kama kuna njia ya kusema bila kuonekana: sanduku la maoni lililowekwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu wa nidhamu, mbele ya macho ya watu wote, halina tofauti na kipaza sauti. Uliza wapya wanalala wapi. Shule moja niliyopata kuitembelea iliwaweka wa kidato cha kwanza wote bweni moja kwa muhula wa kwanza, karibu na nyumba ya matroni, ikabadili na saa ya kuchota maji ili wakubwa na wadogo wasikutane kisimani gizani. Haikugharimu hata senti.

Uliza pia shule imepokea taarifa ngapi mwaka jana. Ukiambiwa hakuna hata moja, usifurahi. Japani ilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2011 mwanafunzi wa miaka 13 alijiua katika mji wa Otsu, ikaja kubainika kwamba shule na bodi ya elimu ya mji hazikulishughulikia jambo kwa ukweli, na mwaka 2013 bunge likatunga sheria ya kuzuia uonevu mashuleni. Taarifa zikapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2019 zikapita 600,000. Ukisoma harakaharaka utadhani watoto wa Kijapani wameharibika. Wizara yao yenyewe hulitazama kwa jicho jingine: shule inayoona mengi ndiyo inayoangalia.

Na mwisho katika maswali hayo, uliza kuna nani nje ya shule. Norwei, tangu mwaka 2017, sheria inamtaka kila anayefanya kazi shuleni aingilie anapoona mtoto anaonewa na amwarifu mkuu wake. Na kama mzazi amelifikisha jambo kwa mkuu wa shule na wiki moja imepita bila kushughulikiwa, anaweza kulipeleka kwa mamlaka ya serikali iliyo juu ya shule. Wiki moja. Huku kwetu mzazi mwenye lalamiko huambiwa asubiri kikao cha bodi, na bodi hukutana kwa msimu kama mvua. Afisa elimu wa wilaya yupo, afisa ustawi wa jamii yupo, dawati la jinsia na watoto polisi lipo. Sera ya shule iliyoandikwa vizuri ingeyataja hayo na kuweka siku, ili mzazi asianze kuuliza njia siku ya msiba.

Narudi kwa yule mgeni wangu wa studio. Nilimwomba radhi siku ile, palepale kwenye ukumbi wa kungojea, mbele ya msichana wa mapokezi. Akapokea. Akacheka kidogo, akasema balbu yenyewe haikuzimika hata hivyo. Kisha akanieleza kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa anajiandaa kuingia kidato cha kwanza Januari iliyofuata, na kwamba amekwishamfundisha kitu kimoja tu: jina la mwalimu wa kumwendea, na jinsi ya kuifikia nyumba yake gizani.

Halafu akaniuliza kama nakumbuka usiku ule walikuwa wawili. Nilikumbuka. Yule mwenzake alirudi kwao likizo ya Pasaka na hakuonekana tena shuleni. Akaniuliza kama najua alipo. Nimewauliza watu wanne niliosoma nao, na mmoja aliyekuwa karani wa shule wakati ule. Mmoja anadhani alikwenda migodini upande wa Geita. Wengine hawamkumbuki kabisa. Kama unanisikiliza, ndugu yangu, ulilala kitanda cha pili kutoka mlangoni, mwaka 1997. Anwani ya kipindi inasomwa baada ya mazungumzo haya.